Mama Mkwe Wangu Alipanda Basi Langu Kama Mtalii

Shangazi Kamalam mpendwa,

Kila Jumapili nakusoma nikiwa nimejificha nyuma ya ukurasa wa michezo, maana mama mkwe wangu naye anakusoma na hapendi nimtangulie, na sikuwahi kudhani iko siku mimi mwenyewe nitakuandikia, lakini yamenifika, nishike mkono.

Mimi ni mjane wa miaka arobaini na moja, naishi mtaa wa Sentul, kazi yangu ni kuongoza watalii wa nusu siku. Asubuhi tunawachukua hotelini, tunapita karakana ya batiki waone fundi anavyochora kwa nta na wao wenyewe wachezee rangi kidogo, halafu tunakwenda Mapango ya Batu, tunapanda ngazi mpaka hekaluni kwa Bwana Murugan, mungu wetu, tunashuka, wanakunywa dafu, tunawarudisha mjini kabla ya chakula cha mchana. Mume wangu Sivakugan alifariki kwa ugonjwa wa moyo, sasa ni mwaka wa nne, na akiwa kitandani hospitalini alinishika mkono akasema, "Malar, mama nakuachia wewe," nami nikaitikia, na tangu hapo tumekaa wawili, mimi na mama yake, katika nyumba ileile.

Usidhani ananitesa, Shangazi. Wiki ya mazishi ndugu zangu walikuja kunichukua, gari liko nje linanguruma, mama mkwe akasimama mlangoni na mwiko mkononi akawaambia, "Mtoto mmoja nimemchoma juzi kwa moto wa mazishi, na huyu mnampeleka wapi?" Wakaondoka na gari lao. Hata hii kazi yeye ndiye aliyenisukuma kuitafuta. Nilipokuwa najifunza maneno ya kuwaambia wageni alikuwa anakaa jikoni anachambua dengu ananisikiliza, nikitaja urefu wa sanamu ya Murugan iliyoko mapangoni na mwaka ilipojengwa anapiga miayo, anasema, "We mtoto, nani amevuka bahari kuja kusikia hesabu? Waambie tumbili wameiba nini wiki hii." Na kweli, nikiwaambia hivyo wageni wanacheka.

Sasa sikiliza kosa langu. Pale karakana ya batiki kuna fundi anaitwa Thanabalan, mgane, hana mtoto, mrefu mwembamba, mpole hata nta haimwagiki mkononi mwake. Mwaka mzima ilikuwa habari za asubuhi na kwaheri tu. Halafu akaanza kuniwekea kikombe cha kahawa kimefunikwa kwa kisahani nyuma ya turubai za kuanikia vitambaa, ili wageni wakipaka rangi mimi nipumzike, halafu kahawa ikawa na kipande cha vadai, andazi letu la dengu, halafu nikajikuta nawaambia wageni, "Chukueni muda wenu, sanaa haina haraka," mpaka dereva wetu Bwana Bahrin akaniuliza mbele ya watu, "Dada Malar, leo tunapanda mlima au tunahamia hapa?" Baada ya sikukuu ya Thaipusam, Thanabalan akaniambia waziwazi kwamba anataka kunioa. Nikamwambia bado. Akauliza bado nini, nikasema nina mama nyumbani. Hakubishana, aliniambia tu kwamba kahawa itaendelea kuwepo.

Mama sikumwambia neno. Ningeanzaje? Niseme mwanao sijamsahau lakini kuna mwingine? Nikanyamaza, miezi ikapita, mpaka Alhamisi moja tukafika hoteli ya mwisho, tayari ndani ya basi nina mke na mume wa Kiholanzi na madada wawili wa Australia, nashuka na karatasi yangu kumwita mgeni aliyebaki, namkuta mama mkwe wangu kwenye kochi la mapokezi, amevaa sari yake ya hariri ya kijani aliyoivaa harusini kwangu, asumini kichwani, miwani ya jua ya kuazima inayomfunika nusu ya uso, mkoba mapajani. Nikanong'ona, "Mama, unafanya nini hapa?" Akasimama, akanyoosha sari, akasema kwa sauti ya mtu asiyenijua, "Habari za asubuhi, mwongozaji. Nimelipia ziara. Kiti changu kiko wapi?"

Nikamkalisha. Bwana Bahrin anamjua, alimtazama kwenye kioo akajikohoza mpaka akatokwa na machozi. Nikaanza maelezo yangu huku ulimi mzito kama nimekula nta, na yeye kila mara ananyoosha mkono kama mwanafunzi, "Mwongozaji, sauti haifiki nyuma."

Karakana tulipofika akaenda moja kwa moja kwa Thanabalan. Wageni wengine walichagua vipepeo na maua, yeye akavuta kibao akakaa mbele yake kama aliyekuja kusuluhisha kesi. Nilikuwa nyuma ya turubai, kahawa imeniganda mkononi, nasikia kila neno.

"Umeoa, baba?"

"Nilioa, mama. Mke wangu alifariki."

"Pole. Na sasa?"

"Sasa nangoja."

"Unangoja nini? Bei za harusi zishuke?"

Akacheka yule mtu, naye hajui anaongea na nani. "Kuna mwanamke ameniambia bado. Ana mama nyumbani."

"Huyo mama ni mgonjwa?"

"Hapana."

"Ni mkorofi, basi."

"Sijui, mama. Ninachojua ni kwamba anapendwa."

Mama mkwe alichukua brashi akapaka kitambaa chake chote rangi moja, nyekundu, akavuka mistari yote ya nta, akasimama.

Mapangoni nilitaka kumshika mkono maana magoti yake si mazuri. Akaniambia, "Niachie, kawashike Waholanzi." Alipanda polepole, anapumzika, anapanda. Juu kidogo tumbili akamrukia akamvua ile miwani, na mama akamfokea kwa Kitamili, "Rudisha hapa, mshenzi wewe, hukulelewa?" na Mungu ni shahidi wangu tumbili aliiweka chini. Wale madada walipiga makofi. Ndani ya pango alisimama mbele ya Bwana Murugan muda mrefu, akamnong'oneza kuhani majina ya kuombewa, sikuyasikia, nilikuwa nawaonyesha wageni tundu la mwanga juu. Tuliporudi hotelini kila mgeni alinipa mkono, na mama mkwe wangu akanipa bakshishi, Shangazi, bakshishi! akasema, "Unaijua kazi yako. Ila unaongea haraka unapokuwa na hofu."

Jioni nyumbani alipika kama kawaida, hakusema kitu, nami sikusema kitu. Jumapili yake akatangaza kwamba sikukuu ya Deepavali ikipita anahamia mji wa Ipoh kwa wifi yangu, binti yake aliyeolewa huko. Na ameanza kugawa vyombo. Jirani amepewa jiwe la kusagia, mwingine sufuria ya shaba, na majirani wananitazama kama mwanamke anayemfukuza mzee. Wifi yangu ni mtu mwema lakini anakaa ghorofa ya juu, lifti mbovu, hajui hata mama siku hizi anataka kahawa ya namna gani. Nikimuuliza mama kwa nini anaondoka, anasema, "Ipoh kuna hewa nzuri."

Amekasirika? Ameumia kwa ajili ya mwanawe? Thanabalan nimemwambia tusahau, na asubuhi iliyofuata kahawa ilikuwepo palepale, nikalia mbele ya watalii kutoka Korea. Nimwache huyu mtu nimbakize mama? Nimwache mama aende? Yule aliyenishika mkono hospitalini nitamjibu nini? Namba ya nyumbani nimeiandika nyuma ya bahasha, ila piga asubuhi siku ya mapumziko yangu tu, niliyoiandika hapohapo.

Ni mimi, Malar wa Sentul


SHANGAZI KAMALAM ANAJIBU

Malar, binti yangu, futa machozi kwanza, halafu ukae wima maana nitakugombeza.

Wewe unawapandisha mlimani watu usiowajua, wenye lugha tano, na kumfikia mwanamke aliye jikoni kwako umeshindwa! Mnakaa nyumba moja, mnakula sahani za kabati moja, na mpaka akulipe kama mteja ndipo akuone ukiwa kazini. Unasubiri nini, akuandikie na yeye kwenye gazeti?

Unauliza kama amekasirika. Mwanamke mwenye hasira havai hariri ya harusi. Mwenye hasira anakaa nyumbani, anafunga mlango, anagonga vyombo, na chumvi inazidi kwenye mchuzi. Huyu amejipamba asumini, amekwenda kumkagua mwanamume. Kwetu nani hukagua bwana harusi? Si mama? Wewe ulijificha nyuma ya turubai na kikombe, mwenzio anafanya kazi ya mzazi peke yake, na magoti mabovu.

Na hilo neno la hospitalini usiligeuze pingu. Marehemu alikuachia mama umtunze. Hakukuachia majivu uyalinde. Umemtunza vizuri, na kama angekuwa hai angekushukuru. Ila kumtunza mtu ni pamoja na kumwambia ukweli, na hapo umempunja miezi mingi. Umeamua kwa niaba yake kwamba ataumia, umeamua kwa niaba ya fundi kwamba asahau. Wote wawili ni watu wazima, Malar.

Sasa usinikasirikie. Barua yako ilinikosesha utulivu, Deepavali nayo inakaribia, nikasema nikingoja zamu ya barua kuchapwa gazetini mzee atakuwa keshapanda basi. Nikaitanguliza barua yako mbele ya nyingine, tena nikapiga ile namba, asubuhi kama ulivyosema. Siku nilikosea. Aliyepokea hakuwa wewe.

"Malar yuko kazini. Nani mwenzangu?"

Nikasema ni rafiki.

"Rafiki gani? Sauti yako naijua, nakusikia redioni. Wewe ndiye Shangazi wa gazetini." Kisha akasema, "Amekuandikia."

Nikamwambia siwezi kutoa siri za watu.

"Usitoe, mimi nitatoa yangu. Ni kuhusu yule mchora batiki."

Nilimuuliza alimjuaje. Haya ndiyo majibu yake, na ameniruhusu niyaandike. Tangu mwanawe alipofariki uliacha kuimba. Zamani ulikuwa unaimba bafuni, vibaya, anasema, mpaka marehemu anapiga mlango. Miaka mitatu ukaoga kimyakimya kama mwizi. Halafu mwaka huu, asubuhi moja unapiga pasi sare yako, akakusikia unaimba. Akaacha dengu akakaa chini. Akasema moyoni, yuko mtu huko. Na kwa kuwa hukumwambia, akamwomba jirani amkatie tiketi hotelini, akaja kuangalia ni nani anayekuimbisha, na pale karakana alifuata tu macho yako.

"Na umemwonaje?" nikamuuliza.

"Mwembamba mno. Lakini nilimwambia yule mama ni mkorofi, hakukubali. Mwanamume asiyemsengenya mama asiyemjua, huyo amelelewa."

"Basi Ipoh ya nini, dada yangu?"

Akavuta pumzi. "Shangazi, yule mtu alisema anaambiwa bado kwa sababu yangu. Niliyasikia kwa masikio yangu. Sasa bwana harusi gani ataingia nyumba yenye mama wa mume wa kwanza amekaa sebuleni, picha ya mwanawe ukutani? Nikitoka, mtoto ataolewa. Mwanangu mmoja sikuweza kumponya. Huyu naweza kumpisha njia."

Malar, nilitoa kalamu mkononi nikaiweka chini.

Na wewe mama, najua unanisoma, nina neno lako pia: acha kugawa vyombo! Kumpisha mtu ambaye hajakuomba umpishe ni kumsukuma. Mmesimama mlangoni ninyi wawili, huyu anasema tangulia, yule anasema tangulia, na hakuna anayeingia.

Mimi nikamuuliza swali moja la mwisho. Nikasema, na kama hao wawili wangetaka ukae nao? Halafu akasema, taratibu kabisa, "Sijaulizwa."

Kwa hiyo, binti yangu, fanya hivi. Kwanza mpigie Thanabalan, mwambie lile neno la kusahau umelifuta. Muulize waziwazi kama yuko tayari kuishi na mama mkwe wa mkewe pamoja na picha ile ukutani. Akisita, umejua mapema, mwache na kahawa yake. Akikubali, na moyo wangu unaniambia atakubali kabla hujamaliza sentensi, mwambie avae shati safi, aje na kaka yake au mjomba wake, wabebe sinia la maua, ndizi na nazi kama watu waliolelewa, waje kuposa kwa mama, si kwako. Kwako ameshaposa. Majirani waone sinia likiingia, watatafuta jambo jingine la kuzungumza.

Lakini kabla ya sinia, leo hii, gazeti likiwa bado mkononi mwako, toka nyuma ya ukurasa wa michezo uende jikoni. Usijitetee, usilie kwanza, wala usianze habari za marehemu. Akikwambia tena Ipoh kuna hewa nzuri, usimwamini. Keti karibu yake pale anapochambua dengu, mwambie unampenda mwanamume yule na unampenda yeye, kisha muulize, kwa maneno yako mwenyewe na bila haraka, "Mama, utakaa nasi?"

Halafu unyamaze umsikilize. Akichagua Ipoh kwa hiari yake, mpeleke wewe mwenyewe, umfundishe wifi yako kahawa. Lakini aulizwe. Amepanda mlima mzima kwa ajili yako, Malar, na wewe kwake ni hatua chache tu hadi jikoni.

Shangazi Kamalam