Bawa la Yaqeen

Jumamosi, 31 Julai 1999

Mama Eulalie kapiga simu! Kutoka Leeds, Uingereza, tulikokuwa tukiishi, mpaka hapa Ibra, Omani. Miaka mitano sijaisikia sauti ile. Kundi lake la karnivali linatunukiwa na baraza la mji, Jumamosi ijayo. Miaka ishirini na tano ya kuwachezesha watoto barabarani kama wanavyocheza kwao Trinidad – ngoma za chuma, manyoya, puleki, kelele mpaka sauti zinakauka. Watapanda jukwaani na joho moja kubwa, limeungwa kwa vipande vya nguo za watoto wote waliowahi kucheza nao. Kasema, pa Yaqeen nimepaacha wazi, begani. Niletee kipande chake, mwanangu.

Nimelia na simu mkononi. Yaqeen wangu alicheza mara moja tu, kipepeo wa kijani, ana miaka mitano. Baridi ilipoingia, mapafu. Kalala kulekule, makaburini Leeds. Bawa lake moja ninalo, la puleki za dhahabu, limo sandukuni. Shemeji Harub anasafiri Jumatano kwenda Uingereza, atalichukua. Alhamdulillah!

Jumatatu, 2 Agosti

Halipo! Koti la baridi lipo, bawa halipo. Nimetoa kila kitu, nimekung'uta mpaka magodoro. Amur karudi kazini kanikuta nimekaa katikati ya nguo. Kauliza, natafuta nini? Nikasema, kanga. Ningesema nini? Ni yeye mume wangu aliyetoa amri tulipohamia kwa mama yake: jina la mtoto lisitajwe, tusitoneshane kidonda. Picha kazifungia kabatini. Nami nikanyamaza, mjinga mimi. Leo nimwulize nani?

Jumanne, 3 Agosti

Nimeliona. Ya Rabbi, nimeliona!

Kesho hina ya wifi yangu Tahani, Alhamisi harusi. Mavyaa, mama yake Amur, Bi Khole, kaniita anionyeshe suruali ya kijani ya bi harusi. Miguuni mapindo mawili ya puleki za dhahabu. Bawa la mwanangu, limekatwa pande mbili.

Kasema alikuwa anatia naftalini ya kufukuza nondo masandukuni, akakiona kitambaa. Kizuri hivi kioze? Kwao hapa pindo halitupwi: suruali ikichakaa, pindo hufumuliwa likashonewa mpya, likatoka kwa bibi likenda kwa mjukuu. Hakuona kosa. Hajui lilikuwa la nani, masikini – nani alimwambia? Kaona kanifanyia hisani, ndugu wa mume wangu avae kitu changu siku yake. Nikasema, imependeza, mama.

Imependeza! Ulimi huu bora ungekatwa pamoja na kile kitambaa.

Sina wa kumwendea. Amur hataki kusikia. Joho litapanda jukwaani lina tundu, na tundu lenyewe ni mwanangu.

Jumatano, 4 Agosti

Saa nane mchana. Harub anaondoka saa tisa, hazidishi dakika, asije akakosa ndege uwanjani Seeb. Alfajiri niliapa nitamnong'oneza Tahani avue. Kumbe kaamka keshaivaa! Nilipotoka jikoni nikakuta keshapakwa hina, nyayo mpaka vifundoni, mbichi. Miguu juu ya mto. Kuivua haiwezekani. Na hina ya bi harusi ikiharibika, watu watasema mpaka mji wa Sur.

Nilikwenda na wembe wa kufumulia. Nikapiga magoti. Bi Kaltham, yule anayepaka hina, kanipigia kelele: una wazimu, weye? Ndipo likanitoka, mbele ya wanawake wote.

"Ni la Yaqeen! Bawa la mwanangu!"

Kaltham kauliza, Yaqeen ndiye nani?

"Mjukuu wangu," kasema Bi Khole. Akaninyang'anya wembe.

Saa tisa kasorobo. Naandika hapahapa sakafuni. Bi Khole anafumua mwenyewe, uzi mmoja mmoja, hataki msaada, na macho yenyewe hayaoni vizuri. Tahani kakaza miguu, machozi yanamtiririka. Pindo la kushoto limetoka. La kulia lina tone la hina, wallahi sijui litafaa. Litafaa! Lazima lifae.

Honi. Harub huyo.

Nataka kumwambia, haraka, mama, haraka! Lakini wembe umesimama. Bi Khole kaniinulia uso, kaniuliza – mtu wa kwanza kuniuliza, miaka mitano – alikuwa akicheza vipi?

Honi tena.

Bado nusu ya pindo. Naye kaushusha wembe pajani, ananingoja nimwambie.