Gauni la Mama Liko Njiani

Milano, 31 Agosti 1997

Mdogo wangu Rosenda,

Salamu nyingi. Mimi mzima, isipokuwa magoti, ambayo siku hizi ni mali ya sakafu za watu. Hamjambo huko Mabini? Shemeji Nardo na watoto je? Na Mama, kifua kimetulia?

Ujumbe wake nimeupata. Eti anataka gauni la kuzikiwa, jeupe, la mikono mirefu, na liwe la ng'ambo ili Mtakatifu Petro asimpangishe foleni. Nilicheka mpaka wenzangu wa chumbani wakauliza kuna nini, kisha nikaingia bafuni nikalia. Lakini sawa. Mtu mzima akijiandalia safari yake si uchuro. Nitalishona mwenyewe, sitanunua.

Mpime mabega, kifua, kiuno na urefu, uniandikie upesi. Boksi la zawadi zenu za Krismasi limeshajaa nusu, limekaa kando ya kitanda changu kama mpangaji wa tano. Kaka Doming, yule mtu wetu wa Batangas anayekusanya mizigo ya watu, anasema kontena linafungwa katikati ya Oktoba. Tukilikosa hilo, Krismasi imetupita.

Na uniambie ukweli wa afya yake. Wewe ndiye macho yangu huko.

Dada yako,
Felisa


Mabini, Ufilipino, 19 Septemba 1997

Dada Felisa,

Shikamoo, dada. Huku sote tunaendelea vizuri, mvua tu ndiyo inatukalia kooni. Watoto wanakusalimu, na kila mmoja amekutajia namba ya kiatu chake bila kuulizwa.

Mama nilimfuata na futi ya kushonea, akaipiga mkono ikaanguka. "Mwambie niko vile vile alivyoniacha. Tangu lini mtoto akasahau mwili wa mama yake?" Unamjua. Basi shona kwa vipimo ulivyo navyo kichwani. Anakula, na kile kikohozi ni cha mvua tu.

Sasa nakuomba kwa niaba ya matumbo yetu: usichanganye tena sabuni na chokoleti. Mwaka jana tulikula chokoleti yenye ladha ya kufulia, na hakuna aliyeitema, maana imetoka kwa mama mkubwa. Mwanangu wa mwisho alicheua, nikangoja kuona povu.

Boksi la Bi Pacita, jirani, lilifika Jumatatu. Amezianika nguo zote kwenye uzio, eti zimelowa njiani. Zimelowa wapi! Anataka mtaa mzima unuse Italia. Mama anamtazama kutoka dirishani na kusema, "Subiri langu."

Huu ni mwaka wa tisa tangu uondoke, dada. Mama haulizi tena utakuja lini, anauliza boksi litafika lini. Naona ni swali lile lile.

Mdogo wako,
Rosenda


Milano, 12 Oktoba 1997

Mdogo wangu,

Ni matumaini yangu barua hii itawakuta wazima. Mimi mgongo unauma, lakini kwa kazi ya furaha: boksi limeondoka leo!

Tulilikalia watu wanne ndipo likafunga. Huku tunalipia boksi, hatulipii uzito, kwa hiyo kuacha nafasi ni dhambi ya kuungama. Makopo ya nyama na chupa ziko chini, vifuniko nimevizungushia selotepu. Peremende ziko ndani ya soksi, soksi ndani ya viatu. Taulo zimezunguka kuta zote. Sabuni nimezifungia kwenye ndoo yenye mfuniko, kona ya mbali kabisa na chokoleti, mwambie mwanao apumzike. Kila kitu kina jina la mwenyewe, msigombane. Kaka Doming alilitikisa, akaweka sikio, akasema, "Halilii. Hili litafika." Boksi linalolia ndani, anasema, hufika likiwa vigae.

Gauni liko katikati kabisa. Kontena likipita penye joto hutoka jasho ndani, matone yanadondoka juu ya mizigo kama mvua, ndiyo maana nimelifunga nailoni tatu, na kuta zote ziko mbali nalo. Nililipima mwilini mwangu, kisha nikaongeza kidogo mabegani na kifuani, maana Mama alinizidi mwili. Lile ni gauni la mwanamke wa haja!

Jambo moja, na libaki kwako. Bosi wangu amekataa kunisainia makaratasi ya kibali cha kukaa. Nikitoka Italia sasa, sirudi. Mwambie Mama nitakuja Krismasi ya mwakani.

Dada yako,
Felisa


Mabini, 4 Desemba 1997

Dada yangu,

Pole, dada. Na mimi nipe pole, maana huku ninazipokea kwa niaba yako pia na zimenielemea. Kwenye simu ya Bi Pacita nilisikia kilio chako tu, sijui wewe ulisikia nini, basi naandika.

Mama alitutoka Ijumaa asubuhi, ameketi kitini. Aliomba kahawa, na nilipoileta alikuwa ameshakwenda.

Yuko sebuleni kwenye jeneza, tunakesha naye. Hatujafagia tangu siku ile, kama desturi, na maganda ya karanga ya wacheza karata yanakaribia kutufika vifundoni. Kila anayeingia anauliza, "Felisa anafika lini?" Unajua tulivyo, maiti hazikwi mpaka mtoto aliye ng'ambo amwone. Niliposema huwezi kuja, Mjomba Berto alisogeza kiti chake karibu na jeneza. Kisha akasema, "Basi tutalingoja boksi lake." Hakuna aliyecheka.

Meli imeshafika Manila, lakini kontena letu liko chini ya mengine. Nchi nzima inangoja Krismasi yake pale bandarini. Nardo anashinda huko akibembeleza watu wa forodha. Mtu wa dawa za maiti alirudi jana akamwongezea Mama dawa, akatuonya tusichukue muda mrefu.

Najua unavyotaka avae lile gauni. Na mimi nataka. Tunangoja.

Mdogo wako,
Rosenda


Mabini, 16 Desemba 1997

Dada Felisa,

Natumaini unapata usingizi na unakula chochote. Sisi tuko salama, nyumba tu ndiyo imekuwa kubwa.

Boksi lilifika Alhamisi. Tulilifungulia mbele ya Mama, kwa kuwa ni yeye aliyekuwa akiyafungua siku zote. Mtaa mzima ulikuwepo. Hakuna kilichovunjika wala kulowa. Chokoleti ina ladha ya chokoleti. Bi Pacita alikuwa akitoa kopo mojamoja, anasoma jina, analia, anatoa jingine. Halafu tukalifikia gauni, jeupe, kavu, bila kunjo. Dada, ni zuri mno.

Wanaume walitoka, tukafunga mlango tumvishe. Halikumkaa.

Mikono ilimfunika vidole. Mabegani ungeweza kumweka mtu mwingine. Bi Pacita na mimi tulikusanya kitambaa chote mgongoni tukakibana kwa pini, na pini zilipokwisha tukaleta za nepi. Kwa mbele hakuna aliyejua. Watu walisema amependeza, na ni kweli alipendeza. Tulimzika Jumamosi.

Alianza kupungua tangu Pasaka. Mwishoni Nardo alikuwa akimbeba kama mtoto. Futi aliipiga mkono kwa sababu hakutaka namba ikufikie. Aliniapisha. Alisema ukijua utakuja, ukija hutarudi, na wanangu watatoka shuleni kwa kukosa karo. Sikubishana naye, dada, maana alisema kweli na nilikuwa na hofu ileile. Wewe ulimshonea Mama uliyemwacha. Huyu wa kwetu hukupata kumwona, na mimi ndiye niliyekuzuia.

Nisamehe, ukiweza.

Mdogo wako,
Rosenda


Milano, 4 Januari 1998

Mdogo wangu Rosenda,

Heri ya mwaka mpya haiandikiki, basi nakutakia uzima tu, wewe na wote waliobaki.

Nilikukasirikia. Nilikuita majina ambayo Mama angenichapa kwa kuyasema. Hasira ilipokwisha zikabaki zile pini. Usiku najiuliza kama zilimchoma mgongoni. Najua, maiti hasikii. Lakini najiuliza. Nimekusamehe, na bado inauma, yote mawili.

Jana Kaka Doming alileta boksi tupu, kama kila mwaka baada ya Krismasi. Nilimrudishia nikiwa mlangoni. Akauliza, "Sasa utawatumia nini?" Nikamwambia ninakuja mwenyewe.

Bosi nimemuaga, naondoka mwisho wa Februari. Aliuliza nani atampigia pasi, hakuuliza kingine. Watoto watasoma, nitashona, tutajua hukohuko. Usiandike kunizuia, barua itanikosa.

Njooni uwanja wa ndege wa Manila, tarehe nitapiga simu kwa Bi Pacita. Ila nina ombi, na usicheke. Andika jina langu kwenye kipande cha kadibodi, herufi kubwa, ukishike juu, kama madereva wanaongoja wageni. Mimi nitavaa koti jekundu. Ukiona mwanamke amesimama anatazama kila uso, nenda kamuulize ni nani. Nilidhani nawajua nyote, na sitaki tupishane pale mlangoni, mimi nakutafuta wewe, na wewe unanitafuta mimi.

Dada yako,
Felisa