Programu Yako Nimeitoa

Baba Nekesa wangu,

Leo nimeitoa programu yako kwenye kompyuta. Nimeona nikuambie mwenyewe.

Unakumbuka tulipofungua hiki kibanda cha kuchapisha hapa Kakamega? Kompyuta ilikuwa kuukuu, ukaiwekea Linux badala ya Windows. Lakini kwa kupanga kurasa uling'ang'ania ile programu ya Windows, ukaipitisha kwenye nyingine inayoigiza Windows, ikidhani iko kwao. Ilichelewa kufunguka mpaka chai inapoa. Nikakuuliza, "Si utumie hii ya Linux yenyewe?"

"Mama Nekesa, hii vidole vyangu vimeizoeanga. Kwani wewe ulinizoea kwa siku moja?"

Nikacheka, nikakuacha nayo.

Ulipofariki, ratiba ya mazishi yako, ile ya kugawia waombolezaji yenye picha ya marehemu mbele, niliipanga humo humo, kwa mpango uliouchora wewe. Tangu hapo, kila familia iliyoleta msiba wake nilifungua faili hiyo yako, nikatoa picha yako, nikaweka ya marehemu wao. Programu ya Linux haikuweza kuifungua. Basi kila kazi ilianza na uso wako. Nilikuwa nangoja mtoto akiwa mgongoni, feni ya kompyuta ikihema kama wewe ukipanda kile kilima cha kwetu.

Wiki iliyopita msichana kutoka Mayoni alileta picha ya nyanya yake. Niliiweka, programu ikaganda. Kuifungua tena, maneno yalikuwepo, picha ilikuwa imerudi yako. Uso wako ulikuwa pale kwenye kioo, na macho yangu hayakushtuka, kwa sababu yameshazoea kukuona hapo. Nikachapa, nikakunja, nikampa bahasha.

Alirudi baada ya mazishi. Hakupaza sauti.

"Dada, ni nani huyu tumemzika na nyanya?"

"Ni mume wangu. Nisamehe."

Aliikunjua karatasi mezani. "Mjomba alisema tuendelee tu, wageni wameshakaa. Lakini mama alikuwa anaigeuza geuza, anamtafuta mamake."

Hilo ndilo sijaweza kuliondoa kichwani. Watu wa Mayoni walikushika mikononi wakiimba, na mama mmoja akamkosa mamake kwa sababu mimi sikutaka kukukosa wewe.

Nimewapangia upya kwa programu ya Linux yenyewe, nikianzia ukurasa mtupu. Yale maua yako ya pembeni sikuyaweza, nikaweka mstari tu. Nimewapelekea mwenyewe. Faili yako nimechapa nakala moja, iko kwenye Biblia. Kisha nikafuta vyote, hata ile ya kuigiza Windows.

Sasa kazi inafunguka kabla sijakaa vizuri. Feni imenyamaza. Hivi punde nimeweka mkono kwenye kikombe nikashangaa, chai bado ni moto. Kumbe kule kungoja ndiko nilikuwa nakaa na wewe.

Lala, baba. Kuna mtu mlangoni na picha ya mtu wake.

Mkeo,
Mama Nekesa