Jezi ya Burundi

Mishamo, Katavi

Kaka Fabrice,

Mvua imekata, na goti la Mama limepona. Nilimsomea ujumbe wako kutoka Australia: kwamba Burundi inaunda timu ya raga ya wachezaji kumi na tatu, na kwa kuwa wachezaji ni wachache inaita hata wajukuu wa wakimbizi waliokuja huku Tanzania, kama wewe.

Akauliza, "Atawachezea waliomuua baba yangu?"

Nikamjibu kuwa wachezaji wenzako hawakuwa hata wamezaliwa mwaka 1972, Babu alipouawa. Hiyo ilikuwa siku tatu zilizopita.

Leo tukipukuchua mahindi akasema, "Mwambie acheze. Mechi utanionyesha kwenye simu. Ila wimbo wao wa taifa ukianza, zima sauti."

Nitaizima, Kaka. Nawe ukiuimba, usimwambie.

Mdogo wako,
Générose