Darasa Chini ya Dungu

Jumatatu, 28 Aprili 2025

Darasani leo: mimi, ubao, mbuzi wa jirani aliyeingia kujipumzikia, na watoto wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Mbuzi ndiye aliyekuwa msikivu kuliko wote.

Uwele unakomaa, ndege wamerudi, watoto hawapo. Kila mwaka ni hivi. Kwelea kwelea wakishuka shambani asubuhi bila mtu wa kuwafukuza, jioni unakuta mabua matupu. Basi watoto wanapelekwa kuamia. Siwalaumu wazazi. Mimi mwenyewe nimekulia juu ya dungu, kichanja cha kulindia shamba, kule Mlali, kombeo mkononi, narusha vitonge vya udongo mpaka bega linawaka moto.

Lakini mwaka huu sina nafasi ya kuwaelewa watu! Bwana Cornel, afisa elimu wetu wa kata, alipita na pikipiki. Hakuvua hata helmeti. Anasema mthibiti ubora wa wilaya anakuja mwezi ujao kuona kama shule yetu shikizi, tawi tu la shule mama, inastahili kuongezewa darasa la tatu. Akikuta watoto wapo na wanasoma, tutasonga mbele. Akikuta madawati matupu, basi, tunabaki na la kwanza na la pili, na wakubwa wavuke korongo kwenda shule mama.

Nikamwuliza, na Ruthu je? Akaangalia tairi la pikipiki. Akasema Ruthu tutamfikiria.

Tutamfikiria!

Ruthu ana miaka tisa, yuko darasa la pili, na hakuna anayemfikia kwa kusoma. Miguu yake haikupata nguvu tangu kuzaliwa. Anatembea kwa magongo, na kwenye ardhi ngumu anacheza kombolela na wenzake, tena anashinda. Kwenye mchanga wa korongo magongo yanazama. Mvua ikinyesha ni maji, mvua ikikatika ni mchanga, na kitongoji chetu kinaitwa Ng'ambo kwa sababu hiyo hiyo. Bila darasa la tatu huku kwetu, shule ya Ruthu inaisha Desemba.

Sikubali. Nimeandika hapa nisije nikajisingizia baadaye kwamba niliyumba.

Jumanne, 29 Aprili

Nimezunguka mashambani mchana kutwa. Mbukwenyi, mbukwenyi, nawaamkia kwa Kigogo mpaka koo limekauka. Kila nyumba jibu moja: Mwalimu, tuvune kwanza. Tuvune! Mthibiti atakuwa ameshakuja, ameshaandika, ameshaondoka.

Nikamalizia kwa Bibi Evelina, bibi yake Ruthu. Alikuwa anachambua mlenda mlangoni. Nikamwamkia, akanipa kigoda, akaniacha niongee mpaka nikaishiwa. Kisha akasema hivi, nakumbuka neno kwa neno: "Mwanangu, mimi nataka huyu mtoto asome kuliko unavyotaka wewe. Lakini ndege hawana ratiba. Wakila uwele, atasoma ameshiba nini?"

Nikachukua mlenda, nikamsaidia kuchambua.

Ruthu mwenyewe alikuwa juu ya dungu katikati ya shamba, magongo ameyaegemeza chini. Hupanda kwa mikono tu, na mikono yake ni ya mtu mzima. Wanamweka pale kwa kuwa hawezi kukimbizana na ndege shambani, basi anawafukuza kwa kombeo na kwa sauti. Sauti gani! Alikuwa anapiga kelele: "Ba! Be! Bi! Bo! Bu!" Ndege wakaruka wote, wingu zima.

Nikamwuliza, mbona unawasomea ndege? Akacheka. Anasema kupiga ukelele mtupu kunachosha, bora asome.

Nilirudi nyumbani karibu nikimbie.

Jumatano, 30 Aprili

Imewezekana! Nimechukua ubao mdogo, nikaufunga kwa kamba kwenye nguzo ya dungu la Bibi Evelina. Watoto wa mashamba ya jirani nikawaita chini yake. Ruthu juu, ndiye kiongozi. Akiona kundi la ndege linakuja anapunga mkono, sisi wote: "Mbili mara mbili, nne! Mbili mara tatu, sita!" Ndege hao, wakatafute pengine!

Mtoto mmoja mpya aliyeanza Januari, asiyejua Kiswahili hata kidogo, anayelia kila asubuhi, leo alipiga kelele kuliko wote. Hakujua anasema nini. Nikamweleza kwa Kigogo, akarudia kwa Kiswahili, na mara ya tatu alikuwa anajua. Miezi yote hiyo alinyamaza kwa sababu darasani tunawaambia wanyamaze!

Bibi Evelina alituletea maji. Aliketi akasikiliza mpaka jedwali la tatu.

Alhamisi, 1 Mei

Mei Mosi. Mjini wanapeana vyeti vya mfanyakazi bora. Huku nimejipa mwenyewe, kwa sauti, nikiwa naosha vyombo. Hakuna aliyepinga.

Jumatatu, 5 Mei

Wamejaa! Wazazi wenyewe wanawaleta. Shamba la Bibi Evelina na yale ya jirani zake hayajaguswa na ndege tangu Jumatano. Watoto hamsini wakisoma kwa pamoja, ndege gani atakaa? Kidole kimoja hakivunji chawa.

Nimefundisha la kwanza upande wa kivuli na la pili upande wa jua, kisha wakabadilishana. Ruthu anasimamia usomaji wa la pili kutoka juu. Mvivu hana pa kujificha, maana anaonekana kutoka angani. Bwana Cornel alipita, akasimamisha pikipiki, safari hii akavua helmeti. Nikamwambia darasa ndilo hili. Akasema mthibiti atataka kuona jengo. Nikamwambia jengo halisomi.

Akatikisa kichwa, lakini alikuwa anacheka.

Jumanne, 6 Mei

Balaa. Tena la kujitakia.

Asubuhi Mzee Lameck amekuja na fimbo yake, uso umekunjamana, nyuma yake wanawe. Shikamoo yangu hakuipokea! Shamba lake liko ng'ambo ya kichaka, na tangu tuanze, ndege wote tunaowafukuza wanakwenda kutua kwake. Nusu ya upande wa mashariki imekwisha. "Umeniletea ndege kwa elimu yako, Mwalimu! Unawasomesha wa wenzangu, mimi unanilisha hasara!"

Mimi! Niliyekulia juu ya dungu! Kila mtoto wa Kigogo anajua ndege hafi kwa kelele, anahama tu, ndiyo maana watu huamia pamoja, shamba kwa shamba, siku moja. Nilifurahia darasa langu nikasahau kabisa kuangalia wanakotua.

Nilimwomba radhi mbele ya watoto. Ilinichoma, lakini nilikuwa nimekosa. Nikadhani atadai tufunge. Akavuta pumzi, akaikita fimbo chini, akasema: "Kesho hilo darasa liwe kwangu. Na mniletee yule mwenye sauti."

Jioni tukakaa na wazee. Tumekubaliana: darasa litahama kila siku, shamba hadi shamba, na kwenye yale mengine kila mzazi aweke mtu mzima kwenye dungu saa hizo hizo. Ndege wakose pa kutua. Mzee Lameck akaongeza sharti lake, kwamba kwake tufundishe hesabu za kutoa, maana wanawe wanaibiwa mnadani. Nimekubali. Shikamoo yangu ameipokea wakati wa kuagana, marahaba ndefu kabisa.

Ijumaa, 9 Mei

Sauti yangu imekwisha kabisa. Ruthu amefundisha, mimi nimeelekeza kwa mkono. Shamba la Mzee Lameck ni salama. Nimelala mapema siku zote hizi kama kuku.

Jumapili, 11 Mei

Baada ya ibada Ruthu alinisubiri nje. Kavaa gauni la buluu, magongo ameyafuta vumbi. Akaniuliza: "Mwalimu, huyo mgeni akija nimwonyeshe nini?"

Nikamwambia mwonyeshe unavyosoma. Akasema hilo analijua, lingine? Nikafikiri kidogo. Nikamwambia: mwonyeshe kwamba hakuna kitu kinachokushinda.

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa kazi.

Jumatano, 14 Mei

Naandika nimekaa ukingoni mwa korongo. Daftari hili huwa limo kwenye mkoba pamoja na chaki, na leo nashukuru, maana lazima niipe mikono kazi.

Amekuja leo, bila taarifa. Mthibiti, Bwana Denis, kijana msafi, viatu vinang'aa. Gari wameliacha upande wa pili, wakavuka kwa miguu na Bwana Cornel. Wakafika kwenye jengo, wakakuta mlango umefungwa na mbuzi yule yule amelala kizingitini. Bwana Cornel ananiambia alitamani ardhi impasukie. Halafu wakatusikia. Leo tulikuwa kwa Mzee Lameck, kutoa kwa kukopa, watoto hamsini na kitu kwa sauti moja.

Bwana Denis alisimama pembeni ya uwele akisikiliza. Akatembea kati yao. Akamwuliza huyu, akamwuliza yule. Yule mpya aliyekuwa analia akamsomea ubao mzima kwa Kiswahili! Ruthu akasoma hadithi kutoka juu ya dungu, akaikatiza mara mbili kurusha kombeo, akaendelea palepale alipoachia. Mgeni alicheka mpaka akatoa leso. Nikajua tumeshinda.

Kisha akafungua simu, akanionyesha ramani.

Mpole sana. Hana ubaya wowote. Anasema: "Madam Priska, kazi yako nzuri mno, nitaisema popote. Lakini ona. Shule mama ni hapa, ninyi ni hapa. Kwenye ramani ni hapo tu. Wakiniuliza kwa nini tuongeze darasa jirani na shule nyingine, nitajibu nini?"

Nikamwambia kwenye ramani korongo ni mstari. Akasema naye amelivuka, ni mchanga tu. Akamtazama Ruthu, aliyekuwa ameshashuka, akasema kwa upole vilevile kwamba hata huyu binti anaonekana ana nguvu, pengine kwa msaada kidogo atavuka.

Ruthu akasema: "Shikamoo. Twende nikakuonyeshe."

Nilifurahi! Kweli nilifurahi. Nikajisemea, mwache aone kwa macho yake. Magongo yatazama hatua chache tu, mtoto atakwama, mgeni ataelewa, mambo yamekwisha. Tukaja wote mpaka hapa, watoto, wazazi, Mzee Lameck na fimbo yake, Bibi Evelina nyuma kabisa na khanga mdomoni. Bwana Denis akavua viatu, akakunja suruali. Wakashuka wawili.

Magongo yamezama, kama nilivyosema. Lakini hakukwama. Anachomoa moja kwa nguvu za bega, analitupa mbele, anajivuta, anachomoa la pili. Ameanguka. Bwana Denis akanyoosha mkono, Ruthu akaukataa. Amenyanyuka mwenyewe, mchanga mpaka kwenye nywele.

Hapo ndipo niliposhtuka. Nimekumbuka Jumapili. Mwonyeshe kwamba hakuna kitu kinachokushinda. Ni mimi niliyesema, kwa mdomo wangu huu!

Akivuka, kijana yule ataandika kwamba mtoto anavuka. Hataandika kuhusu kila siku, asubuhi na jioni, jua na mafuriko. Ataandika alichokiona. Na asipovuka, atakuwa ameshindwa mbele ya kitongoji kizima, yeye ambaye hajawahi kushindwa kitu, na nitakuwa nimemleta mwenyewe. Mzee Lameck ananinong'oneza: mwambie akae chini, Mwalimu, akae tu, huyu bwana ataelewa. Neno moja tu kutoka kwangu na Ruthu atakaa, maana ananisikiliza.

Nimemtazama Bibi Evelina. Ameitoa khanga mdomoni. Hamwiti mjukuu wake arudi.

Wako katikati sasa, pale kwenye mchanga laini kabisa. Bwana Denis amesimama, amejishika kiuno, anahema. Amegeuka kuangalia walikotoka, kisha wanakokwenda. Simu yake ameiweka mfukoni. Ruthu hajageuka. Ameanguka tena. Ameinuka tena.

Sitamwambia akae. Ng'o! Avuke, na akifika ng'ambo nitasimama mbele ya huyo kijana na kumwomba arudi naye kwa njia ile ile, halafu kesho, halafu Januari korongo likiwa limejaa maji, na tuone ni nani atakayesema ni mchanga tu. Maneno ninayo, na sauti imerudi.

Watoto wameanza kuimba majedwali, ndege wote wa upande huu wameruka. Bibi Evelina amepiga kigelegele. Ruthu ameinua gongo moja juu kuitikia, karibu aanguke, hakuanguka.

Naweka kalamu chini. Siwezi kuandika na kumshangilia kwa wakati mmoja.