Nyuzi za Ankoli Kamau

Jumamosi, Gitothua

Ankoli Kamau hajajua, na mimi sitamwambia.

Wiki nzima ndugu huyu wa marehemu baba amenisumbua nifunge gita la baba nyuzi za chuma. Ati nailoni ni ya kushonea viatu! Akazinunua mwenyewe, akaniletea. "Funga hizi, mami. Mimi nilipiga gita kabla uzaliwe."

Gita lenyewe halina jina popote. Nilimulika ndani na tochi ya simu, nikapata vumbi na mende aliyekauka. Lakini shingo ni pana, na pale chini nyuzi hupitishwa kwenye matundu na kufungwa fundo. Hilo ni gita la nailoni. Chuma kingelivuta mpaka king'oe kile kibao cha chini kinachoshika nyuzi, na tayari kimeanza kuachana na gundi.

Nikafunga nailoni, nikikaza kidogo kidogo. Baba hakutuachia kitu kingine chenye sauti.

Leo Ankoli akaja kwa chai, bila miwani kama kawaida. Nikampigia. Akafumba macho. "Unasikia? Chuma ni chuma!"

"Kweli kabisa, Ankoli."

Akainuka kunawa mikono jikoni, akavuta pazia la dirisha. Likateleza vizuri. Akapapasa juu, pale pazia linaponing'inia, akashangaa.

"Hii waya ni ngumu! Ulitoa wapi?"

"Nililetewa na mtu anayenipenda, Ankoli."

Akacheka. Ati anataka kumjua huyo kijana.