Muda wa Kupoza Mashine

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kifua kimeacha kukubana, na yule mwenzako wa chumbani ameacha kukoroma, au basi wewe umeshamzoea. Sisi huku hatujambo. Mama hajambo, ukiacha magoti, ambayo siku hizi ndiyo yanayoamua aende wapi na asiende wapi. Anakusalimu sana. Amenisisitiza nikuandikie kwamba anakula vizuri, nami nimemwahidi kuandika hivyo, kwa hiyo nimeandika.

Najua utaishika bahasha hii roho juu, ukijiuliza kuna nini. Tunaongea kila Jumapili, sasa karatasi ya nini? Rafiki yako dereva anarudi huko keshokutwa, nikaona nimpe aibebe, maana nina jambo ambalo nikijaribu kulisema kwa mdomo nitacheka, na nikicheka wewe utacheka, na tukishacheka basi tena, limepita. Wewe ndiye uliyenibandika jina la Chiriku kwa wingi wa maneno. Lakini haya yamenikwama kooni.

Jumapili iliyopita uliniambia unataka kuninunulia mashine mpya ya gemu, uitume huku, niachane na hili kopo linalozimika kila tukifika patamu. Ukaniuliza nawezaje kuvumilia takataka kama ile miaka yote hii. Nami, mjinga mie, nikasema asante sana, kaka. Nilipoweka simu chini nilitamani nijichape makofi. Nakuomba usinunue. Kama ulikuwa unavaa viatu kwenda dukani, vua kwanza, kaa kitandani, unisome mpaka mwisho.

Unakumbuka mambo yalivyokuwa. Ulipoondoka uliniachia mashine yako, ukanunua nyingine ya aina hiyohiyo huko ugenini, ili tuwe tunacheza mpira pamoja kwa mtandao. Zote mbili zilikuwa na ugonjwa mmoja: zinapata joto, zinalia kama birika, halafu pu, giza. Watu wote wenye aina ile wana kilio hichohicho. Mama aliizoea kuliko sisi. Akaipa jina la Mgonjwa. Asubuhi nikiinuka kwenda kiwandani ananiuliza mgonjwa ameamkaje, kana kwamba nimelala naye chumba kimoja, na kweli nalala naye. Halafu kwa huruma zake akakaa akamfumia kitambaa cheupe cha maua, akamfunika juu na ubavuni, vumbi lisimwingie. Mimi nikiwasha nilikuwa nakikunja nusu tu, nisimuudhi Mama. Hakuna aliyewaza kwamba yale matundu ya ubavuni ndiyo pua ya mashine, na sisi kwa mapenzi yetu tunaiziba.

Aliyetuambia ni fundi. Nilimpelekea siku moja baada ya kazi, nimeifunga mashine kwenye khanga mgongoni, wanawake wenzangu wa kwenye vyerehani wakinitania kwamba hatimaye nimepata mtoto. Kibandani kwake kuna benchi moja refu, na wote tuliokaa pale tulikuwa tumepakata mashine zetu kama tuko kliniki. Nikawasikiliza. Kaka, ulivyoniuliza swali lako nililikumbuka benchi lile, kwa sababu kila mtu pale alikuwa na jibu lake.

Kulikuwa na kinyozi mmoja, mnene, mcheshi. Pedi yake ya kuchezea ilikuwa na tatizo la kuvuta kushoto yenyewe, hata usipoigusa. Fundi alimwambia anaweza kuitengeneza saa hiyohiyo. Kinyozi akakataa katakata. Alisema dole gumba lake limeshazoea kuivuta kulia, na siku aliyoazima pedi nzima ya jirani wachezaji wake wote walitoka nje ya uwanja wakaenda zao. Alikuja kutengenezewa sehemu ya kuingizia diski tu, hiyo nyingine aachiwe. Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Pembeni yake alikuwepo mwalimu wa hesabu, mkavu kidogo. Yeye alisema hana mapenzi yoyote na mashine yake, anaichukia, imemtia hasara na kumpandisha presha. Ila wenzake wote aliosoma nao, ambao sasa wametawanyika kila mmoja na nchi yake, wanacheza kwa aina ile. Akihamia mashine nyingine iliyo nzima, atacheza na nani? Alisema ni kama kuhama nyumba inayovuja ukaenda kwenye nyumba nzuri isiyo na mtu. Tulitazama tu mashine zetu mapajani.

Fundi yeye hana masihara na waliotengeneza. Alisema hawa watu wa kampuni wanajua fika wanachotuuzia. Wanajua tutapiga kelele, tutatukana, tutaapa hatununui tena, halafu ikitoka mpya tutapanga foleni. Wanajua kwa sababu rafiki zetu wamo ndani, na vikombe vyetu tulivyoshinda vimo ndani. Alisema sisi tunalalamikia mashine zetu jinsi watu wanavyolalamikia waume zao, asubuhi wanawasema kwa majirani, jioni wanawapikia. Nilikasirika, nakuambia ukweli. Nilikasirika kwa sababu alisema kweli, na kwa sababu hao wanaotuuzia joto ndani ya boksi hawatakaa kwenye lile benchi hata siku moja.

Basi akaifungua yangu. Alitoa vumbi la kutosha kujaza kikombe, akakwangua ile dawa ya kupunguza joto iliyokauka juu ya chipu, akapaka mpya, akabadilisha feni. Akaniambia nimwambie mama yangu kitambaa ni kizuri sana, akakiweke kwenye redio. Mama alinuna siku mbili, halafu akakiweka kwenye redio.

Sasa nifike ninapokwenda, maana naona nazunguka.

Unajua siku za kawaida unapopiga simu. Unapiga kwa Mama, simu inawekwa mezani kwa sauti kubwa, jirani yupo, shangazi yupo, na wewe unasema uko salama, kazi nzuri, bosi mzuri, hali ya hewa nzuri. Unaongea kama mtu wa taarifa ya habari. Mama anaridhika, anaitikia kila neno kwa Alhamdulillahi, lakini mimi nikiwa pale jikoni nasikiliza, namtafuta kaka yangu kwenye ile sauti na simpati.

Na Jumapili tukicheza, tunacheza. Toa pasi, rudi nyuma, we unalala, piga! Hayo ndiyo mazungumzo. Mechi ikiisha kwa amani unasema haya mdogo wangu, tukutane wiki ijayo, na sauti yako inakatika kwenye hedifoni, nabaki natazama ukuta.

Lakini mashine ikizimika! Ikizimika, mtandao unakatika, hedifoni zinakufa, basi unanipigia simu tusubiri ipoe. Robo saa hivi. Hatuna la kufanya. Hatukupanga kuongea, kwa hiyo hatujajiandaa, na ndani ya ile robo saa ndipo ninapokusikia. Ndipo uliponiambia dirisha lako linatazama ukuta wa jengo jingine, na kwamba umeshaujua ule ukuta nyufa zake zote. Ndipo uliponiambia uliumwa ukalala siku nne bila wa kukuuguza, na sisi tuliokuwa tukikusalimu kwa spika hukutuambia. Ndipo ulipomtaja yule dada wa ghalani kwenu uliyetaka kumwoa, ukamtaja mara moja tu, halafu ukauliza mashine imepoa? Nikasema bado. Ilikuwa imepoa zamani, kaka. Nilisema bado ili uendelee.

Hapo umeshaanza kunielewa. Acha nimwage mtama wote.

Mgonjwa alipona. Tangu siku ile kwa fundi hajazimika hata mara moja kwa ugonjwa wake mwenyewe. Feni inazunguka kimya, unaweza kuweka shavu juu yake. Jumapili ya kwanza baada ya matengenezo tulicheza mechi tatu mfululizo bila kukatika, ukafurahi, ukanisifu, ukaaga ukaondoka. Niliosha vyombo siku ile huku natokwa na machozi, na Mama alipouliza nikamwambia ni moshi wa jiko. Akatazama jiko, lilikuwa halijawashwa.

Jumapili iliyofuata, katikati ya kipindi cha pili, nilinyoosha mguu nikabonyeza kitufe kwa kidole gumba. Giza. Simu ikaita. Nikasema imezima tena, takataka hii. Ukasema pole, tusubiri. Na tangu hapo ndivyo ninavyofanya. Kila Jumapili inayozimika, ni dole langu. Usidhani Mama hajui. Alinikuta mguu uko hewani, akanitazama, akapita na beseni lake la nguo. Wiki iliyofuata akaniuliza kwa upole kabisa leo mgonjwa anazidiwa saa ngapi, maana naye anataka amalize kufua mapema aje amsikie mwanawe. Tangu hapo tunakaa naye sakafuni, mimi nimeshika simu katikati yetu, yeye hasemi kitu usije ukajua yupo ukarudia sauti ya taarifa ya habari. Usimkasirikie. Anashika mdomo kwa mkono ukisema jambo la kuchekesha.

Kwa hiyo swali lako nakujibu hivi. Wengine sijui, kinyozi ana dole lake na mwalimu ana wenzake. Mimi navumilia mashine mbovu kwa sababu ikiharibika nakupata. Na ukinitumia nzima, mpya, yenye dhamana, ambayo haizimiki, nitabonyeza kitufe gani? Nitasema nini?

Bado sijamaliza. Jumapili iliyopita nilikula kiapo. Nilijiambia huu ni utoto, mtu mzima mwenye kazi yake anamdanganya kakaye kwa kidole cha mguu. Nikakunja miguu chini yangu, nikaikalia kabisa. Tukacheza. Nilikuwa nimekuzidi bao moja, mashine yangu imetulia tuli, na ghafla wewe ndiye uliyepotea. Timu yako ikasimama uwanjani. Simu ikaita. Ukaniambia safari hii ni ya kwako imezimika, imepata moto, huwezi hata kuigusa. Ndipo ukaniambia yale ya mkataba wako, kwamba unaisha na hujui kama una nguvu ya kusaini mwingine, na kwamba unaogopa ukirudi utakuwa mgeni nyumbani. Mama alishika mkono wangu akaubana mpaka kucha zikaingia.

Na nyuma yako, kaka, nikasikia muziki. Ule wimbo wa gemu letu, ule unaopigwa mtu anapochagua timu, unaorudia na kurudia. Mashine yako ilikuwa imewaka. Ulipandisha sauti ili wimbo usisikike, ukakohoa, nadhani ukatoka chumbani. Halafu kwa haraka ukaanza habari ya kuninunulia mashine mpya, ukanyamaza, kana kwamba unasubiri nikatae. Nami nikasema asante.

Sijui umeanza lini. Nimekaa kwenye cherehani wiki nzima nikishona mikono ya sare mahali pa kola, nikijaribu kukumbuka zile Jumapili nyingine ulizosema imezimika ya kwako. Labda sijawahi kuisikia mashine yako ikizimika kweli. Labda tumekuwa tukizimiana, wewe huko mimi huku, kila mmoja akimpa mwenzake pole.

Basi tuache. Jumapili ya kwanza baada ya kuisoma barua hii usiwashe chochote. Saa ileile, piga simu tu. Nitapokea, na Mama atakusalimu kwa sauti, ujue yupo. Ukikosa la kusema, nyamaza, tutasikilizana tukipumua. Hutakuwa mgeni nyumbani. Kitanda chako kipo, nimeweka vitambaa vyangu vya kushona juu yake, nitaviondoa siku utakayosema.

Mama anakusalimu tena. Shangazi anakusalimu. Fundi hakujui lakini anakusalimu. Mpe salamu mwenzako anayekoroma, na rafiki yako dereva umpe chai, amekubali kuibeba barua hii bila kuniuliza kitu.

Na kama umeshainunua hiyo mashine mpya, kama nimechelewa, basi usiitume. Ilete mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Chiriku